Kwa Nini, Kwa Sababu na Kwa Hiyo kwenye Kiajemi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya maswali huwa yanakuja mtu akishamaliza alfabeti na salamu, anataka sasa kupiga stori, na stori haiendi bila "kwa sababu", "ndio maana" na "mpaka". Nimeyajibu kama mtu aliyekua na Kiswahili mdomoni, manake kuna sehemu Kiswahili kinakubeba kabisa kwenye hii mada na wengi hatujui, tunahangaika na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu. Kuhusu maandishi: aa ni ile a ndefu ya Kiajemi, inatamkwa ikielekea o kidogo, kh ni kama wazee wa pwani wanavyosema kheri, gh ni ya ghali. Zingine soma kama kawaida yako.

Neno la "kwa sababu" ni lipi hasa? Nimeshaona kama manane

Shika chon (چون) kwanza, mengine yatakukuta njiani. "Naraftam, chon mariz budam", sikuenda kwa sababu nilikuwa naumwa. Ukitaka igeuze, "Chon mariz budam, naraftam", bado iko sawa, ndio raha yake, inakaa mwanzo inakaa katikati, kwenye kitabu ipo na kwenye daladala za Tehran ipo. Ukishaizoea ongeza baraaye inke (برای اینکه) na be khaater-e inke (به خاطر اینکه), ambazo mdomoni zinafupishwa, hiyo ya kwanza utaisikia baraa inke au vaase inke. Ukikutana na chon kwenye mashairi ya zamani kuwa mpole, humo inaweza kuwa "kama" au "alipo-", sio lazima iwe sababu.

Na ziraa? Kitabu changu kimejaa ziraa

Kitabu chako hakijakosea ila hakikuambii mambo mawili. La kwanza, ziraa (زیرا) haikai mwanzo wa sentensi, lazima tokeo litangulie ndio sababu ifuate: "Naraftam, ziraa mariz budam" sawa, "Ziraa mariz budam, naraftam" hapana. La pili, ni neno la maandishi na hotuba. Mtu akikuuliza kwenye meseji mbona hujaja alafu ukamjibu na ziraa, ni kama umemwandikia "kwani nilikuwa nimepatwa na maradhi". Ataelewa, atacheka.

Kinyume chake ni az aanjaa ke (از آنجا که), au az aanjaayi ke, hiyo kawaida yake ni kutangulia: "kwa vile hali iko hivi, basi...". Nayo ni ya kwenye barua na insha zaidi.

Mbona baraaye inke mara inatafsiriwa "kwa sababu" mara "ili"? Nishike ipi?

Hapa ndipo penye utamu wote wa hii mada, na ndipo watu wanapokata tamaa bure. Angalia hizi mbili:

Faarsi mikhaanam baraaye inke dustash daaram.
Faarsi mikhaanam baraaye inke be Tehraan beravam.

Ya kwanza ni "nasoma Kiajemi kwa sababu nakipenda", ya pili ni "nasoma Kiajemi ili niende Tehran". Kiunganishi hakijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kitenzi, na ndio maana kila siku nawaambia watu msikodolee macho kiunganishi, nendeni mkaangalie kitenzi kimevaa nini. Kikiwa kwenye hali ya kawaida, yaani kitu kipo au kilitokea, unasoma "kwa sababu". Kikivaa ile be- ya mbele (be-rav-am), walimu wanaiita eltezaami, maana yake jambo bado liko kwenye nia, halijawa, hapo unasoma "ili".

Sasa Mswahili hii kitu anayo tayari. Ni ile e ya mwisho. Naenda, niende. Anakula, ale. Kiajemi kinaweka alama mbele, sisi tunaweka nyuma, kazi ni ileile. Miravam ni naenda, beravam ni niende. Hata ukanushaji unafanana: nemiravam siendi, naravam nisiende.

Alafu kuna zawadi nyingine hapohapo. Ukisema "niliondoka mapema ili niwahi basi", kitenzi cha kwanza kimepita lakini "niwahi" haijasogea, hutafuti wakati uliopita wa "niwahi". Kiajemi vilevile, "Zud raftam taa be otobus beresam", raftam imepita, beresam imetulia tu palepale. Niliona wenzangu waliofundishwa kupitia Kiingereza wanajaribu kuisogeza nayo irudi nyuma, mimi nilipita hapo bila kujua kama kulikuwa na shimo.

Tahadhari ndogo: kwenye vitenzi vya maneno mawili ile be- mara nyingi inadondoka. "Yavaash harf zadam taa bachche bidaar nashavad", niliongea taratibu mtoto asiamke. Ingekuwa "aamke" ungesikia bidaar shavad tu, be- hamna. Hapo unaijua kwa kuwa ile mi- ya hali ya kawaida (kama ya miravam) haipo. Na vitenzi viwili vina njia zao, kuwa ni baasham, kuwa na kitu ni daashte baasham, hivyo vikariri tu hamna namna.

Hiyo taa uliyoweka hapo juu ndio "mpaka" au?

Ndio hiyohiyo. Taa (تا) ni mpaka, ni ili, na kwenye kuhesabu pia ipo (do taa ni viwili). Ikifuatwa na kitenzi cha nia, isome ili. Ikifuatwa na kitenzi kilichokwisha inaweza kuwa "tu alipo-": "Taa didamash, shenaakhtamash", nilipomuona tu nikamtambua. Kwahiyo tena turudi palepale, angalia kitenzi.

Nikitaka nomino tu, mfano "kwa sababu ya mvua"?

Be khaater-e baaraan. Usisahau ile -e ndogo inayounganisha, ndio "ya" yetu, bila hiyo umeweka maneno mawili yasiyojuana. Na tofauti na "ya" haibadiliki badiliki kwa ngeli, shukuru Mungu. Be khaater-e inabeba pia "kwa ajili ya", "be khaater-e to aamadam" ni nimekuja kwa ajili yako, mtu anaweza kuisema kwa mapenzi kabisa.

Ukipanda ngazi unakutana na be dalil-e, be ellat-e na be sabab-e. Hizi za habari, ofisi na matangazo. Duka likifungwa kwa ajili ya matengenezo mlangoni wanabandika "be ellat-e ta'miraat ta'til ast". Unaweza pia kuweka kitenzi kama jina, be khaater-e dir aamadan, ambayo ni "kwa kuchelewa kuja", na ku- yetu inafanya hivyohivyo.

Si wana sabab kama sisi tuna sababu? Kwa nini nisiitumie hiyo tu?

Wanayo, tumeichukua wote kwa Waarabu, wao kwa njia yao sisi kwa njia yetu. Lakini be sabab-e kwenye maongezi ya Irani inasikika ya kimaandishi, na mtu wa kawaida anasema be khaater-e. Huu ndio mtego wa maneno ya ukoo mmoja, sura moja tabia tofauti. Kuna mengine mabaya zaidi:

Dalil. Kwetu dalili ni ishara, dalili za malaria, dalili ya mvua. Kwao dalil ni sababu au hoja, "be che dalil?" anakuuliza kwa sababu gani, hakuulizi dalili za ugonjwa wako. Mojeb (موجب) ndio ndugu yake mujibu, ila sisi "kwa mujibu wa sheria" ni kulingana na sheria, wao mojeb ni kinachosababisha kitu. Natije ni natija yetu, hii angalau haina shida, wazee wa pwani wanaijua, dar natije ni "matokeo yake". Na jamani khaater, khatar na khaatere ni vitu vitatu. Khatar ni hatari, khaatere ni kumbukumbu. Ukiweka khatar mahali pa khaater kwenye be khaater-e, unakuwa umemwambia mtu umekuja "kwa hatari yake".

Nilisikia mtu anasema "az gorosnegi mordam", hamna chon hamna khaater, sababu iko wapi?

Iko kwenye az. Amesema nimekufa kwa njaa. Az kwa kawaida ni "kutoka", ila sababu ikiwa inatoka mwilini au moyoni, az ndio inakaa pale ambapo sisi tunaweka "kwa". Az sarmaa milarzid, alikuwa anatetemeka kwa baridi. Az khoshhaali gerye kard, alilia kwa furaha. Az khejaalat sorkh shod, akawa mwekundu kwa aibu (ngozi zao zinaonyesha hayo mambo). Ukiweka be khaater-e hapo hutaharibu sana, ila utasikika kama unasoma ripoti ya polisi.

Na kuna az dast-e, neno kwa neno "kutoka mkononi mwa", ya kulalamikia watu: "Az dast-e in bachche-haa divaane shodam", hawa watoto wamenitia wazimu. Ukitaka upande wa shukrani kuna be lotf-e, kwa hisani ya.

Wana methali yao fupi sana, "az maast ke bar maast", yanayotupata yametoka kwetu wenyewe, sisi tungesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Bahati nzuri au mbaya maast pia ni mtindi, kwahiyo utani wake unaweza kuukisia.

Kwa upande wa "kwa hiyo", pas na baraaye hamin zina tofauti?

Tofauti kubwa, na ukiwa na Kiswahili utaiona mara moja: baraaye hamin (mdomoni vaase hamin) ni "ndio maana", pas (پس) ni "kwa hiyo" ya kukisia, ya akili kupiga hesabu.

"Dishab nakhaabidam, baraaye hamin khaste-am." Sijalala jana usiku, ndio maana nimechoka. Kukosa usingizi ndiko kulikoleta uchovu.

"Cheraagh khaamush ast, pas khaane nist." Taa imezimwa, kwa hiyo hayupo nyumbani. Hapa taa haijamtoa mtu nyumbani, ni wewe umeiona ukahitimisha. Ukiweka baraaye hamin hapo umesema mtu kaondoka nyumbani kwa sababu taa imezima, labda umeme umekatika akakasirika, ni stori nyingine hiyo. Jaribu na Kiswahili chako, "taa imezimwa ndio maana hayupo", unaona inavyokwaruza.

Pas pia inaanzisha swali, "Pas miyaay?", kwahiyo unakuja? Na "Pas chi!" ni "sasa je!", mtu anakubali kwa mbwembwe.

Be hamin khaater na be hamin dalil ziko kundi la ndio maana. Banaabarin (بنابراین) ni ya insha na wanaopenda kuongea kama profesa, az in ru vilevile, na lezaa (لذا) ni ya barua za ofisi kabisa, ukiiona ujue kuna muhuri mwisho wa karatasi.

Naweza kuweka chon mwanzo alafu pas katikati?

Watu wanafanya kwenye maongezi, kama sisi tunavyosema "kwa vile umechelewa kwahiyo subiri nje". Ila kwenye maandishi wahariri wanakata moja. Chagua sababu au chagua tokeo.

Nasemaje "nilichoka mpaka nikalala hapohapo"?

Aanghadr khaste budam ke khaabam bord. Mdomoni aanghadr inakuwa unghad au unghadr. Muundo wake ni "kiasi hicho... ke...". Kwenye mashairi na maandishi mazito utakuta chenaan ... ke. Na hiyo khaabam bord nimeiweka makusudi, neno kwa neno ni "usingizi ulinibeba", sasa niambie Mswahili gani hajui usingizi ukimchukua mtu.

Tokeo likiwa limetokea kweli, kitenzi kinabaki cha kawaida kama hapo juu. Lisipokuwepo, be- inarudi: "Unghadr pul nadaaram ke maashin bekharam", sina hela za kiasi cha kununua gari. Gari halijanunuliwa, kitenzi kinajua.

Be towri ke (به طوری که) inafanya kazi ya karibu na hiyo, ila inakuja baada ya sentensi nzima: mvua kubwa ilinyesha, kiasi kwamba barabara zikajaa maji. Magazeti yanaipenda.

Az bas ke je?

Ahaa, hii naipenda kuliko zote, ni ya walalamikaji. "Az bas ke harf zad, saram dard gereft", alivyoongea sana, kichwa kikaniuma. Inaunganisha wingi na sababu kwa pumzi moja, na unaweza kuachia nusu tu, "az bas ke harf mizane...", alafu unatikisa kichwa, mwenzako anamalizia mwenyewe. Hiyo ke inaweza kuachwa. Mtu anayeongea az bas vizuri utadhani amelelewa huko.

Kitenzi cha kusababisha ni kipi?

Baa'es shodan (باعث شدن). "Teraafik baa'es shod dir beresam", foleni ilisababisha nichelewe. Ona beresam, ona nichelewe, zote za nia japo jambo limeshatokea, sijui nani kaiga kwa nani, hakuna, ni bahati tu ila ni bahati nzuri. Na nomino unatia -e, "Sigaar baa'es-e sarataan mishavad", sigara inasababisha saratani, hata saratani tumeshea. Mojeb shodan na sabab shodan ni hiyohiyo imevaa suti.

Kiajemi kina kitu kama -sha yetu? Cheka chekesha, lala laza?

Kipo, na hapa ndio nilipoanza kukipenda Kiajemi rasmi. Unachukua mzizi wa wakati uliopo unatia -aandan. Khandidan cheka, khandaandan chekesha. Khaabidan lala, khaabaandan laza. Tarsidan ogopa, tarsaandan ogofya. Fahmidan elewa, fahmaandan elewesha. Residan fika, resaandan fikisha, na ndio maana ukiagana na mtu anakuambia "salaam beresun", fikisha salamu. Kuna na umbo refu la -aanidan, hilo la vitabuni.

Angalia mzizi wenyewe lakini, sio wa uliopita. Sukhtan ni kuungua, uliopo ni suz, kwahiyo kuunguza ni suzaandan. Neshastan, kukaa, inatoa neshaandan, kuketisha, ambayo imejikata njia yake.

Sasa raha inaishia hapa. Sisi tunaweza kuibandika -sha karibu popote na mtu akakuelewa hata kama neno hajawahi kulisikia, Kiajemi hapana, ni orodha iliyofungwa. Onyesha haitoki kwenye didan, ni neshaan daadan, kutoa alama. Kulisha ipo khoraandan ila ina harufu ya kumsokomezea mtu chakula mdomoni, mama anayemlisha mwanae vizuri anasema ghazaa daadan. Kwenye vitenzi vya maneno mawili, ambavyo ndio vingi, unabadilisha mkia tu, shodan kwa kardan: kharaab shodan haribika, kharaab kardan haribu, baaz shodan funguka, baaz kardan fungua. Ukishaona hilo umejipunguzia msamiati nusu.

Ukimfanya mtu afanye jambo kwa kumsukuma ni vaadaar kardan, "vaadaaram kard benevisam", alinilazimisha niandike. Na kama umepeleka kazi kwa fundi, mtaani wanasema kitu kitamu sana: "daadam lebaasam ro dukhtan", nilitoa nguo yangu wakaishona. Hakuna kauli ya kusababisha hapo, ni kutoa tu na watu wasiotajwa wakafanya.

Mtu kanijibu "cheraa" wakati mimi ndio nimeuliza. Ananiuliza kwa nini?

Hapana, amekukubalia. Cheraa (چرا) ni "kwa nini", lakini ukiuliza swali la kukanusha, "Nemiyaay?", huji?, akasema "Cheraa, miyaam", maana yake "nakuja, mbona". Sikiliza sauti, ya kuuliza inapanda, hii inashuka. Na ukiona cheraa ke imeshikamana kwenye maandishi, hiyo ni "kwa sababu", jirani yake ziraa, nayo inakuja nyuma ya tokeo.

Wairani wananijibu na "aakhe" kila nikiuliza kwa nini, kwenye kamusi sioni

Aakhe (آخه) ni ya mdomoni. "Cheraa nayumadi?" "Aakhe khaste budam." Ni sababu yenye kujitetea ndani yake, kama sisi tunavyoanza "sasa si nilikuwa nimechoka". Ina ombi la huruma, chon haina. Ikikaa yenyewe kwenye swali, "Aakhe cheraa?", ni "lakini kwa nini jamani?". Usiiweke kwenye barua ya kuomba kazi.

Lazima niweke kiunganishi kila mara?

Hapana. "Baarun miyumad, naraftam." Mvua ilikuwa inanyesha, sikwenda (baarun ni baaraan ya mdomoni). Inatosha.

Nikijifunza hivi nitaelewana na watu wa Kabul na Dushanbe?

Mtaelewana, nao wana Kiajemi chao, ila masikio yafungue. Afghanistan utasikia cheraa ke kwenye maongezi ya kawaida kabisa, bila ule uzito wa kitabu ilionao Tehran. Tajikistan wanaandika kwa herufi za Kisirili na chon wanaipa mkia, chunki, alafu sasa ile az bas ke yetu ya walalamikaji wameigandisha ikawa azbaski, maana yake "kwa vile" tu, haina "alivyoongea sana" ndani yake. Kwahiyo ukimsikia Mtajiki anaanza sentensi na azbaski usimpe pole, anaeleza tu sababu.